Fuo za Mchanga za Aldabra

1. Mahali pake

Tazameni ramani ya Bahari ya Hindi. Wekeni kidole penye ncha ya kaskazini ya Bukini, kisiwa kikubwa ambacho siku hizi huitwa Madagaska, kisha kisogezeni ndani ya bahari, kuelekea kaskazini na magharibi. Katika ramani kubwa mtaona hapo nukta ndogo. Katika ramani ndogo hamtaona kitu. Hapo ndipo palipo Aldabra.

Aldabra ni mali ya Jamhuri ya Shelisheli. Lakini hata Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, ki mbali nayo yapata kilometa 1,100. Bara la Afrika li karibu zaidi, nalo liko upande wa magharibi, mwendo wa zaidi ya kilometa 600 za maji matupu. Huko Aldabra hakuna mji, wala soko, wala njia ya magari. Wakaao ni watu wachache tu wa kituo cha utafiti, pamoja na walinzi wa kisiwa. Wengine wote ni ndege, kaa, kobe na kasa.

Umbo lake ni kama pete. Visiwa vinne vikubwa, yaani Grande Terre, Malabar, Polymnie na Picard, vimezunguka ziwa la maji ya chumvi. Urefu wa pete hiyo yote ni kilometa 34, na upana wake ni kilometa 14 na nusu. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna milango ipitishayo maji. Bahari ikijaa, maji huingia ziwani kwa kasi. Ikipwa, hutoka kwa nguvu kama mto wa masika. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka yapata meta 3. Kwa sababu hiyo mwenye mashua atakaye kupita katika milango hiyo hana budi kuyangoja maji na kuyajua vema. Asiyeyajua hutupwa mwambani.

2. Mchanga umetoka wapi

Nchi ya Aldabra si udongo. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, mahali hapo palikuwa mwamba wa matumbawe chini ya maji. Baadaye bahari ilishuka, na mwamba ukabaki juu, mkavu. Mvua imeutoboa na kuuchonga hata umekuwa na ncha kali kama meno ya msumeno. Mtu apitaye juu yake hutazama kila hatua, maana akianguka hukatika vibaya, na viatu vyake havidumu siku nyingi.

Sehemu kubwa ya pwani yake ni ya jiwe hilohilo, limesimama kama ukuta mfupi, na mawimbi yamelichimba kwa chini. Kiumbe atokaye baharini hawezi kuupanda ukuta huo. Illa hapa na pale ukuta umekatika, na katika nafasi hizo pana mchanga mweupe. Hizo ndizo fuo za Aldabra. Nyingine ni fupi hata mtoto aweza kuzikimbia mwisho hata mwisho bila kuchoka. Nyingine ni ndefu, kama ule ufuo ulio mbele ya kituo cha utafiti, upande wa magharibi wa Picard. Upande wa kusini wa Grande Terre, ambako pepo za kusi hupiga moja kwa moja, upepo umeukusanya mchanga ukawa vilima.

Watoto wa bara wanaujua mchanga wa mto. Huo hutoka milimani. Maji huvunja mawe, huyasaga, na kuyachukua. Lakini Aldabra haina mlima wala mto. Basi, mchanga wake umetoka wapi? Umetoka kwa viumbe wa baharini wenyewe. Ni vipande vya matumbawe yaliyovunjwa na mawimbi, na vya kombe za konokono na chaza, na vya mimea ya baharini iliyo migumu kama chokaa. Yuko pia samaki aitwaye pono, mwenye meno kama mdomo wa kasuku. Pono huguguna matumbawe ili apate chakula; kilicho laini hukila, na kilicho kigumu hukitoa tena hali kimekuwa mchanga. Kwa hiyo mtu ateka gao la mchanga wa Aldabra ameshika mkononi mabaki ya viumbe wasiohesabika.

3. Kusoma mchanga

Mgeni afikaye kwenye ufuo kama huo kwa mara ya kwanza husema, Hapa hapana kitu. Hasikii sauti ya mtu, haoni moshi, haoni chombo. Lakini mlinzi wa kisiwa haneni hivyo. Yeye hutoka alfajiri, kabla upepo haujafuta alama, akatembea polepole na macho chini. Kwake ufuo ni kama ukurasa ulioandikwa usiku.

Vitone vidogo vilivyopangwa safu mbili ni nyayo za kaa wa mchanga, atembeaye upande. Nyayo ndefu zenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma ni za korongo, aliyekuja kuvizia kando ya maji. Mashimo mapana, mazito, yaliyofuatana polepole kutoka majanini hata kivulini, ni ya kobe wa nchi kavu. Kobe wa Aldabra ni wakubwa sana. Dume huweza kupita uzito wa watu watatu. Huyu hula asubuhi na jioni, na adhuhuri hutafuta kivuli, kwa maana jua likimkuta mahali peupe pasipo mti laweza kumwua.

Tena iko alama iliyo kubwa kuliko zote. Ni njia pana, yapata meta moja, itokayo ukingoni mwa maji na kupanda juu ya ufuo, kana kwamba mtu ameburuta mtumbwi. Hiyo ni njia ya kasa. Mlinzi huitazama apate kujua ni kasa gani. Ikiwa alama za kulia na za kushoto ziko sawa, mkabala, aliyepita ni kasa wa kijani, maana huvuta mikono yote miwili kwa pamoja. Ikiwa zinapishana, moja mbele na moja nyuma, aliyepita ni ng'amba, ambaye hutembea mkono mmoja mmoja. Kisha huifuata njia mpaka mwisho wake aone kama kasa alichimba, au kama alirudi baharini bila kutaga. Huandika katika daftari, hutia alama juu ya njia ili isihesabiwe mara ya pili, akaendelea.

Kazi hii yaonekana kuwa ndogo. Lakini imefanywa kwa miaka mingi, ufuo kwa ufuo, na kwa hesabu hizo watu wameweza kujua kama kasa wanapungua au wanaongezeka. Asiyehesabu hajui alichopoteza.

4. Usiku wa kasa

Kasa wa kijani maisha yake yote huishi majini, akila majani yaotayo chini ya bahari. Jike peke yake ndiye atokaye nchi kavu, tena kwa kutaga tu. Majini huogelea kwa wepesi kama ndege arukaye. Lakini mchangani ni mzito, kilo 100 na zaidi, naye hujivuta, hupumzika, hushusha pumzi, kisha hujivuta tena.

Akifika mahali pakavu ambapo maji hayafiki, hufagia mchanga kwa mikono yake ya mbele, iliyo mipana kama makafi. Kisha kwa miguu ya nyuma huchimba shimo, akiteka mchanga kidogo kidogo na kuutupa kando, wala halioni shimo lake, maana liko nyuma yake. Humo hutaga mayai kama mia moja au zaidi, ya mviringo na meupe. Wakati huo hutokwa na machozi. Watu wa zamani walidhani ya kuwa analia kwa uchungu. Kumbe, machozi hayo ni njia ya mwili wake ya kutoa chumvi iliyozidi. Akimaliza, hulifukia shimo, hutawanya mchanga juu yake ili adui asilitambue, akarudi baharini. Katika msimu mmoja hutaga mara kadhaa, kisha hupita miaka miwili, mitatu au zaidi kabla hajarudi tena.

Mayai hukaa mchangani yapata miezi miwili. Mama hayalalii, mchanga ndio uyaleao. Tena mchanga ndio uamuao kama watoto watakuwa majike au madume: ukiwa na joto jingi hutoka majike, na ukiwa na ubaridi hutoka madume. Kwa hiyo kuongezeka kwa joto la dunia katika siku hizi si jambo dogo kwa kasa, maana ufuo uliozidi joto huweza kutoa majike tu, na joto likipita kiasi mayai hufa.

Watoto wakianguliwa hupanda kwa pamoja, wakitoka usiku, na mara huelekea mahali penye mwanga ulio chini, ambao katika ufuo usio na watu ni ule wa anga juu ya bahari. Katika pwani zenye miji, taa za nyumba huwapotosha, wakageuka kwenda nchi kavu na kufa. Aldabra haina taa za miji, lakini njia yao si salama kwa hayo. Kaa huwangoja mchangani, korongo huwangoja ukingoni, na samaki huwangoja majini. Katika wengi waliotoka, wachache sana huishi hata kukua. Nao wakuao hukawia. Miaka ishirini, thelathini, hata zaidi hupita kabla ya jike kuwa tayari kutaga. Hapo ndipo lionekanapo jambo la ajabu. Jike huyo aghalabu hurudi katika pande zile zile alikozaliwa. Wenye elimu wameona ya kuwa kasa hutambua nguvu ya sumaku ya dunia, nayo humwongoza kama dira imwongozavyo nahodha.

5. Ufuo ulionyamaza

Utulivu una namna mbili. Uko utulivu wa mahali palipolindwa, na uko utulivu wa mahali palipomalizwa. Fuo za Aldabra zimekaribia kuujua ule wa pili.

Zamani mabaharia wapitao katika bahari hii walichukua kobe wazima wazima na kuwatia marikebuni, kwa sababu kobe aweza kukaa muda mrefu pasipo chakula wala maji, naye ni nyama isiyooza njiani. Kwa namna hiyo kobe wakubwa wa Morisi, wa Réunion na wa Rodrigues waliangamia kabisa, asisalie hata mmoja. Hofu ikaingia ya kuwa na wale wa Aldabra watakwisha. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, na Charles Darwin akiwa miongoni mwao, walimwandikia gavana wa Morisi, ambaye siku hizo Shelisheli zilikuwa chini yake, wakimwomba awalinde kobe hao.

Kasa nao walikuwa wakiwindwa. Kumwinda kasa ufuoni si kazi ya ushujaa. Akiisha kutoka majini hawezi kukimbia wala kupigana. Mtu humpindua chali, naye hulala hivyo hivyo asiweze kugeuka, hata asubuhi. Nyama yake ilitiwa chumvi na kukaushwa, na gegedu la tumboni lilipelekwa Ulaya kwa supu ya matajiri. Waliouawa hasa ni majike waliokuja kutaga. Basi kila aliyekamatwa hakupotea peke yake, bali alipotea pamoja na mayai yote ambayo angaliyataga. Waswahili husema, Bandu bandu huisha gogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini njia za kasa mchangani zilipungua mno.

Kisha, miaka ya 1960, ikaja hatari nyingine. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikitawala wakati ule, ilifikiri kujenga uwanja wa ndege za kijeshi juu ya kisiwa. Wataalamu wengi walipinga, na mwaka 1967 shauri hilo liliachwa. Mwaka 1968 kasa wa kijani walipewa ulinzi wa sheria, ikawa marufuku kuwakamata. Shelisheli zilipata uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 Aldabra iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Je, sheria ilifaa? Ilifaa, lakini si upesi. Mtoto wa kasa aliyetoka mchangani mwaka ule wa 1968 hakuwa tayari kutaga ila baada ya miaka mingi. Na wale waliosubiri walisubiri miaka mingi vilevile. Lakini walihesabu, wala hawakukata tamaa. Leo njia za kasa katika fuo za Aldabra zimekuwa nyingi kuliko zilivyokuwa siku zile, si mara mbili tu, bali mara kadhaa. Na kobe, ambao zamani waliogopewa kuisha, wamefika laki moja au zaidi.

6. Takataka zisizo na mwenyewe

Ingekuwa vizuri habari ikiishia hapo. Lakini mchanga wa Aldabra una alama nyingine, isiyo ya mguu wala ya mkono.

Mwaka 2019 kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, kutoka Shelisheli na kutoka chuo kikuu cha Oxford, kilikwenda huko kusafisha fuo. Walifanya kazi majuma matano katika jua na katika mwamba mkali, wakakusanya tani 25 za takataka. Wakaona nyavu na kamba za plastiki, maboya, chupa, na kandambili kwa maelfu. Kwa uzito, vitu vya uvuvi vilizidi vyote. Wataalamu walipokadiria zilizosalia, waliona ya kuwa bado ni zaidi ya tani 500.

Nani ameziacha? Wakaao kisiwani ni wachache, nao hawavai kandambili elfu. Zimeletwa na maji. Katika pande hizo mkondo mkubwa wa bahari hutoka mashariki kwenda magharibi, nao huchukua kila kielea. Kitu kilichotupwa mtoni katika nchi za Asia, au wavu ulioachwa na chombo cha wavuvi katikati ya bahari, huweza kuelea miezi mingi mpaka kikwame katika ufuo usio na mtu.

Plastiki haiozi kama jani la mnazi. Hukaa. Jike la kasa likipanda ufuo na kukuta rundo la nyavu, huzuiwa asifike mahali pa kuchimba. Mtoto wa kasa akiingia katika chupa au katika matundu ya wavu, hatoki. Majini nako kasa humeza vipande akidhani ni chakula. Hivyo sheria ya mwaka 1968 imeufukuza mkono wa mwindaji, lakini haiwezi kuufukuza mkono wa mtu aliye mbali, asiyejua hata jina la Aldabra.

7. Bahari ni moja

Mwezi wa Desemba mwaka 2004 watu wa Kimbiji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam, walimwona kobe mkubwa akitoka baharini. Hakuwa kasa, bali kobe wa nchi kavu, naye amekonda, na miguuni ameshikwa na viumbe wadogo wenye magamba, wale wagandao juu ya vyombo vilivyokaa sana majini. Wataalamu waliomchunguza waliona ya kuwa bila shaka alichukuliwa na maji kutoka Aldabra, akaelea majuma mengi, mpaka akafika Afrika akiwa hai.

Safari ya kobe huyo yafundisha kuliko maneno mengi. Maji yaliyompeleka Kimbiji hayana mpaka wala mlango wa kufungwa. Ufuo ulio mbali ni jirani wa ufuo ulio karibu, na mto upitao nyuma ya shule ni jirani wa vyote viwili. Atupaye chupa mtoni haioni tena, lakini bahari inaiona.

Tena fuo kama zile haziko Aldabra tu. Kasa hutaga hata leo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, kama vile kisiwani Juani, karibu na Mafia. Mtoto wa pwani aonaye njia pana mchangani asubuhi, na asiichimbe, wala asimwonyeshe mwindaji, amefanya kazi ileile ya walinzi wa Aldabra. Na mtoto wa bara asiyetupa plastiki mtoni ameufagia ufuo ambao labda hatauona kamwe.

Maswali

1. Onyesha Aldabra katika ramani. Ni mbali kiasi gani kutoka Mahé?
2. Mchanga wa Aldabra una asili gani? Mchanga wa mto je?
3. Mlinzi ajuaje kama aliyepita ni kasa wa kijani au ng'amba?
4. Kwa nini kumwua jike la kasa ufuoni ni hasara kubwa kuliko kuua mnyama mmoja?
5. Eleza namna mbili za utulivu zilizotajwa katika somo hili.
6. Kwa nini ilichukua miaka mingi baada ya sheria ya mwaka 1968 kabla kasa hawajaongezeka?
7. Hesabu vitu vya plastiki vilivyotupwa karibu na shule yenu, uviandike. Kisha eleza maji ya mvua huvipeleka wapi.